Macho ya Mpiga Shabaha Aliyepita Miaka 40

Mtu amepiga shabaha miaka mingi, na risasi zake zilikuwa zikikaa pamoja katikati ya karatasi. Halafu, akipita miaka 40 au 45, risasi zinaanza kutawanyika. Anasema, "Mkono wangu umelegea." Mwingine anasema, "Bunduki imeharibika." Anaiuza, anakaa nyumbani kwa huzuni. Lakini mara nyingi mkono ni mzima, na bunduki ni nzima. Kilichobadilika ni jicho, na jicho linaweza kusaidiwa.

Kwa nini jicho linabadilika?

Ndani ya jicho mna lenzi. Ya kijana ni laini: hunenepa ili aone karibu, hujinyoosha ili aone mbali. Miaka ikiongezeka, lenzi inakuwa ngumu. Huu si ugonjwa. Unawapata watu wote. Ndiyo sababu mzee hushika kitabu mbali na uso.

Sasa angalia kazi ya mpiga shabaha. Ana vitu vitatu mbele yake: mwanya wa nyuma wa kulengea, kijino cha mbele kilicho kwenye ncha ya mtutu, na shabaha yenyewe. Hakuna jicho linaloweza kuona vyote vitatu wazi kwa mara moja. Jicho la kijana huhama upesi toka kimoja hata kingine, naye hudhani anaviona vyote. Jicho la mzee halihami tena.

Basi, kipi kionekane wazi? Ni kijino cha mbele. Shabaha ikiwa na ukungu kidogo, si neno. Chukua bastola ambayo mwanya na kijino vimeachana sentimita 30. Kijino kikienda kando milimita 1 tu, risasi itakwenda kando zaidi ya sentimita 3 kwenye shabaha iliyo mita 10.

Astigmatizimu ni nini?

Sehemu ya mbele ya jicho inayong'aa yapasa kuwa mviringo kama mpira. Kwa watu wengine imepinda zaidi upande mmoja, kama mgongo wa kijiko. Mwanga haukusanyiki mahali pamoja. Kijino kinaonekana kama viwili, au kina kivuli. Anayelenga kwa nukta nyekundu ya taa anaiona kama nyota yenye mikia.

Jaribu hivi. Toa risasi zote, hakikisha mara mbili. Tazama ile nukta, kisha ulaze bunduki upande. Mikia ikizunguka pamoja na bunduki, shida ni ya chombo. Mikia ikibaki pale pale, shida ni ya jicho lako.

Tufanye nini?

1. Pima. Bunduki ikiwa tupu, ishike kama unavyolenga, na mwenzako apime toka jicho lako hata kijino. Andika hesabu hiyo, umpelekee mganga wa macho. Miwani ya kusoma imetengenezwa kwa kitu kilicho karibu sentimita 40. Kijino cha bunduki ndefu kiko karibu mita 1. Kwa hiyo miwani ya kusoma ina nguvu kupita kiasi. Kwa bunduki ndefu, mara nyingi yatosha kuongeza dioptri 0.50 juu ya miwani ya kuona mbali. Kwa bastola huhitajiwa zaidi kidogo.

2. Lenzi ya astigmatizimu ina upande wake. Ikizunguka ndani ya fremu, haisaidii tena. Mwonyeshe mganga jinsi unavyoinamisha kichwa ukilenga.

3. Tumia tundu dogo. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, usome maandishi kwa kupitia hapo: yanakuwa wazi zaidi. Kwa hiyo bunduki yenye tundu la kulengea nyuma huwafaa wazee. Lakini tundu likiwa dogo mno, mwanga hautoshi.

4. Usifumbe jicho la pili kwa nguvu, maana linachosha lile la kulenga. Liache wazi, ulizibe kwa kipande cheupe kinachopitisha mwanga.

5. Usikodoe macho muda mrefu. Picha ikianza kufifia, shusha bunduki, pumzika, anza tena.

Je, mzee anaweza kushinda?

Oscar Swahn wa Uswidi alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, akiwa na miaka 72. Huko Paris mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, alipata medali ya fedha pamoja na mwenzake kwa bastola ya hewa ya mita 10. Alivaa miwani yake ya kila siku, na macho yote mawili yalikuwa wazi.

Jihadhari

Kuna mambo ambayo miwani haiponyi. Ukiona mstari ulionyooka kama umepinda, au pete kuzunguka taa, au ukungu usioondoka hata kwa miwani, nenda kwa mganga, usikawie. Ukiona vimulimuli vya ghafula, au kama pazia linashuka juu ya jicho, nenda siku ile ile. Maana wengine wameficha ugonjwa kwa neno moja, "Ni uzee tu," hata jicho likazimika.

Tena, asiyeona vizuri kilicho nyuma ya shabaha asipige kabisa. Aweke bunduki chini, apimwe macho kwanza. Karatasi iliyokosewa hubadilishwa kwa nyingine. Mtu aliyepigwa habadilishwi.