GARI LINAPOVUTA UPANDE MMOJA

Mashofere wengi wanalijua jambo hili. Gari limefika kazini juzi tu, rangi yake bado inang'aa, kilometa zake ni chache. Lakini kila shofere anapolegeza mkono kwenye volani, gari linakwenda upande wa kuume. Siku ya kwanza shofere anashangaa. Siku ya pili anazoea. Siku ya tatu hasemi tena neno. Hiyo siku ya tatu ndiyo siku ya hatari.

Gari lenye mwendo wa kilometa 60 kwa saa linapita karibu meta 17 katika sekunde moja. Shofere akigeuza macho sekunde tatu tu, kwa kutazama kioo au kumjibu mwenzake, gari limekwisha kupita meta 50. Kama lina tabia ya kuvuta, katika meta hizo 50 linaweza kutoka njiani kabisa. Sasa fikiri barabara zetu, ya kutoka Kasongo kwenda Kindu, au ya Kabambare, au ya kwenda Salamabila na Namoya. Ni udongo mwekundu, mtaro uko kando, na pembeni wanapita mama wenye mizigo kichwani, watoto wa shule, na wachuuzi wanaosukuma baiskeli zilizojaa. Hao ndio wanaokuwa mahali gari linapovutia.

Dalili ya mvua ni mawingu. Gari linalovuta linatoa habari. Kazi ya shofere ni kuisikiliza habari hiyo vizuri na kuipeleka kwa fundi ingali mapema. Katika ukurasa huu tunaeleza namna ya kuitafuta sababu, tukianza na mambo mepesi yasiyo na gharama na kumalizia na yale magumu.

LINAVUTA WAKATI GANI?

Shofere akifika garaji na kusema "gari linavuta" tu, fundi hajapata bado habari ya kutosha. Lazima aseme linavuta wakati gani, maana wakati ndio unaoonyesha mahali pa kutafuta.

— Kama linavuta wakati wote, polepole, tazama barabara, upepo wa pine, pine zenyewe, na namna magurudumu yalivyosimama.

— Kama linakwenda sawa, kisha linavuta wakati wa kufunga freni tu, tazama freni.

— Kama linavuta unapokanyaga gesi na linarudi unapoiacha, mara nyingi kuna kitu kilicholegea chini ya gari.

— Kama linavuta likiwa na mzigo tu, tazama resori na namna mzigo ulivyopangwa.

— Kama limeanza kuvuta ghafula katikati ya safari, usiendelee. Simama mahali palipo salama. Labda pine inatoka upepo, labda freni imeshika, au buloni za gurudumu zimelegea. Hakuna safari ya haraka kuliko maisha.

BARABARA YENYEWE

Si kila mara kosa ni la gari. Barabara iliyotengenezwa vizuri ina mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni. Kwetu Kongo tunapita upande wa kuume, kwa hiyo gari letu linainama kidogo kuelekea mtaro wa kuume, nalo linapenda kuteremkia huko. Hiyo ni kawaida.

Tena magari mengi yanayoitwa mapya yametumika kwanza katika nchi nyingine. Yale yenye volani upande wa kuume yalitengenezwa kwa nchi ambazo watu hupita upande wa kushoto, kama Japani na Tanzania. Viwanda vingine hurekebisha magurudumu kidogo ili kupingana na mteremko wa barabara za kule. Likiletwa huku, gari la namna hiyo linaweza kuongeza mvuto wa kuume, ijapokuwa halikuharibika.

Namna ya kujua ni hii. Tafuta mahali tambarare, pakavu, pasipo watu, na upate ruhusa ya mkubwa wako. Nenda polepole, mikono ikishika volani kwa wepesi, usiiachie kabisa. Kisha geuka, urudi njia ile ile, pale pale. Kama mara ya kwanza gari lilivuta kuume na mara ya pili kushoto, ni ardhi inayoinama au upepo unaovuma. Kama linavuta upande ule ule mara zote mbili, gari lina neno.

UPEPO WA PINE

Hapa ndipo fundi mzuri anapoanza. Pine yenye upepo mdogo inalala, inazunguka kwa uzito, na gari linavutwa upande wake. Gari jipya nalo laweza kufika likiwa na upepo usio sawa, kwa sababu lilisafiri mbali melini na juu ya kamyo.

Pima asubuhi, kabla ya gari kutembea. Pine iliyotembea imepata moto na upepo wake umepanda, kwa hiyo kipimo chake hakifai, na ni kosa kuitoa upepo wakati huo. Usipime kwa kupiga teke wala kwa macho, tumia manometa. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pembeni mwa mlango wa shofere, na mara nyingi kuna kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Pine mbili za mbele ziwe sawasawa, na mbili za nyuma vilevile.

PINE ZENYEWE

Tazama pine zote nne. Je, ni za namna moja, kipimo kimoja, na zimelika sawa? Gari lenye pine mpya kuume na pine iliyolika kushoto haliwezi kwenda sawa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hata pine mpya kabisa, yenye upepo sawa, inaweza kuvuta. Magari ya leo yanatumia pine za radiali, ambazo kampuni Michelin ya Ufaransa iliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1946. Ndani yake kuna mikanda ya nyuzi za chuma. Mikanda hiyo ikikaa pembeni kidogo kiwandani, pine inakuwa na umbo kama koni, upande mmoja mnene kuliko mwingine, ingawa macho hayaoni. Ukibingirisha kikombe chenye mdomo mpana juu ya meza, hakiendi sawa, kinazunguka. Pine ya namna hiyo inafanya hivyo hivyo.

Kuijua ni rahisi. Hamisha pine za mbele, ya kuume iende kushoto na ya kushoto iende kuume, kisha jaribu tena mahali pale pale. Gari likianza kuvuta upande mwingine, sababu ni pine. Likivuta upande ule ule wa kwanza, pine hazina kosa. Kwa kazi hii ya nusu saa watu huokoa pesa nyingi walizotaka kununulia vyuma visivyohitajiwa. Kama pine ina mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, usiivushe. Badilisha ya mbele na ya nyuma za upande mmoja.

Unapofanya kazi hiyo, weka gari mahali tambarare, funga freni ya mkono, zuia magurudumu kwa kabari. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Weka vigingi vya chuma. Kaza buloni kwa kupishana, moja hapa na nyingine ng'ambo yake, usizifuate kwa mzunguko. Zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

FRENI

Freni zina habari za namna mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni freni iliyoshika isiachie. Gurudumu hilo linazuiwa wakati wote, na gari linavuta upande wake hata mguu hauko kwenye pedali. Tembeza gari kilometa chache bila kufunga freni sana, simama, kisha sogeza mkono karibu na kila gurudumu, usiguse. Lenye moto kuliko mwenzake ndilo lenye freni iliyoshika. Katika matope na vumbi letu jambo hili hutokea mapema hata kwa gari jipya. Usilipuuze, maana freni yenye moto inaweza kupoteza nguvu mteremkoni, na inaweza hata kuwasha pine.

Ya pili ni gari kuvuta wakati wa kufunga freni tu. Hapa wengi hukosea. Gari linakwenda upande ule ambao freni inashika kwa nguvu. Basi likivuta kuume, huenda freni ya kuume ni nzima, na ya kushoto ndiyo isiyofanya kazi, ina mafuta, au bomba lake limeziba. Fundi afungue pande zote mbili.

CHINI YA GARI

Kama pine na freni ni nzima, sasa tazama chini. Rotuli zilizolegea, rulema za magurudumu zenye mchezo, na vile vipande vya mpira vinavyokaa kati ya chuma na chuma, ambavyo mafundi huviita silembloki: kila kimoja kinaweza kuliacha gurudumu ligeuke lenyewe. Kilometa chache si ushahidi kwamba vitu hivyo ni vizima. Shimo moja lililopigwa kwa mwendo mkali linaweza kupinda chuma cha gari la mwezi mmoja.

Kwa pikapu na makamyo, chunguza sana resori za nyuma. Vipande vya resori vinashikwa pamoja na buloni moja ya katikati. Ikikatika, ekseli inasogea nyuma upande mmoja, na gari linatembea kama kaa, kichwa huku na mkia kule. Mvua ikisha kunyesha, pitisha gari sawasawa juu ya udongo laini na utazame alama zake. Katika magari mengi magurudumu ya nyuma hayafuati kabisa njia ya yale ya mbele, lakini tofauti inapaswa kuwa sawa kuume na kushoto. Isipokuwa sawa, pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili, volani ikiwa imenyooka. Vipimo vikikataana, gari lisitoke.

PARALELISIME SI DAWA YA KILA KITU

Watu wengi, gari likivuta, husema mara moja: "Tufanye paralelisime." Lakini paralelisime ni kule magurudumu mawili kutazama mbele pamoja. Ikiharibika, kazi yake zaidi ni kula pine na kuipindisha volani. Kinachovuta gari, mara nyingi zaidi, ni gurudumu moja kuinama kuliko mwenzake, au kuwekwa nyuma kuliko mwenzake. Katika magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za kazi, mainamio hayo hayarekebishwi kwa kukaza buloni; yakiharibika, kuna chuma kilichopinda au kilicholika, na lazima kitafutwe.

Paralelisime inaweza kupimwa kwa kamba na futi mahali pasipo mashine, na tofauti inayoruhusiwa ni milimita chache tu, kama kitabu cha gari kinavyosema. Mainamio yanahitaji vyombo vyake. Fanya kazi hiyo mwisho, baada ya kutengeneza vilivyoharibika, la sivyo itakuwa bure.

Jambo la mwisho linahusu magari ya siku hizi tu. Mengi yao volani husaidiwa na mota ya umeme. Kompyuta huiambia mota mahali palipo katikati. Gari likiisha kutengenezwa, au betri ikiisha kutolewa, baadhi ya magari yanapoteza alama hiyo, na mota inasukuma volani yenyewe. Hapo nyundo na ufunguo haviwezi kitu. Inatakiwa mashine ya kuisoma kompyuta, na fundi aliyeijifunza.

KAZI YA KILA MMOJA

Shofere: andika kwenye kitabu cha gari siku ile ile. Andika upande gani, wakati gani, kwa mwendo gani, na kama lina mzigo. Mkono unaopigana na volani mchana kutwa unachoka, bega linauma, na jioni mtu aliyechoka hukosa kuona mtoto anayevuka.

Mkuu wa kazi: usimwambie shofere "peleka tu hivyo hivyo, tutatazama kesho." Gari ambalo sababu yake haijajulikana lisibebe watu.

Ninyi jamaa mnaopanda gari kwenda sokoni, hospitali au msibani: mkiona shofere anashika volani imepinda ili gari liende sawa, mwulizeni kwa heshima. Kuuliza si kumdharau.

KUMBUKA

1. Sema linavuta wakati gani.
2. Jaribu barabara kwenda na kurudi.
3. Pima upepo asubuhi, pine zikiwa baridi.
4. Badilisha pine kabla ya kununua vyuma.
5. Tafuta gurudumu lenye moto.
6. Tazama rotuli, rulema na resori.
7. Paralelisime iwe ya mwisho.

Na juu ya yote, usilizoee gari linalovuta.