Uhuru Bila Shamba

Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Lakini lipo deni lisilolipika, kwa kuwa mkopeshaji ndiye apangaye ujira wa mdaiwa, ndiye apimaye nafaka, na ndiye ashikaye daftari.

Hivyo ndivyo walivyoishi maelfu ya Watharu katika nyanda za magharibi ya Nepal, wilaya za Dang, Banke, Bardiya, Kailali na Kanchanpur. Waliitwa kamaiya. Baba alikopa kwa kabaila ili kulisha watoto au kutibu mgonjwa. Tangu hapo alilima shamba la kabaila, mkewe akatumika katika nyumba hiyo hiyo, na watoto wakachunga mifugo. Kila Januari, katika sikukuu ya Maghi, mapatano yalifanywa upya. Mzee alipofariki, mwanawe alirithi deni.

Mwaka 2000 kamaiya wenyewe walisimama kudai haki yao hadi Kathmandu. Tarehe 17 Julai mwaka huo, Serikali ilipiga marufuku mtindo huo na kufuta madeni yote. Sheria ilifuata mwaka 2002.

Hata hivyo, kibanda alicholala kamaiya kilikuwa katika ardhi ya kabaila. Familia nyingi zilifukuzwa, zikapiga kambi kando ya barabara na misituni, zikijikinga kwa plastiki katika majira ya masika. Serikali iliwaahidi wasio na makazi kiwanja kisichozidi katha 5, yaani chini ya nusu eka, pamoja na mbao na fedha za kujengea. Wengi walipata, lakini wapo waliongoja kwa miaka, na wapo waliopewa ardhi ya ukingoni mwa mito, ambako mafuriko hula mazao.

Dhiki hiyo iliwaangukia zaidi mabinti. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chakula cha kutosha, wengi waliendelea kupelekwa kwa matajiri kuwa kamlari, yaani watumishi wa ndani, badala ya kwenda shule. Mtindo huo nao ulipigwa marufuku mwaka 2013.

Ndugu msomaji, kufuta deni ni kazi ya siku moja ya kalamu. Kulizuia lisirudi ni kazi ya shamba, shule na ujira wa haki. Mama ambaye ghala lake ni tupu atabisha tena mlango ule ule alioukimbia jana.