Umbizo: Kuchagua Faili la Picha kwa Tovuti na kwa Uchapaji

Umbizo (wingi: maumbizo) ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Lina mzizi mmoja na umbo na kitenzi umba. Katika taaluma ya kompyuta, neno hili hutaja utaratibu wa kupanga data ndani ya faili; wapo pia wanaosema fomati kwa maana hiyohiyo. JPEG, PNG na TIFF ni maumbizo ya picha. Kwa jicho zinaweza kulingana, lakini kila moja huhifadhi picha kwa namna yake, na kosa la kuchagua huweza kuonekana wakati ambapo halirekebishiki tena.

Uzito wa jambo hili hubainika katika ukurasa wa utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, mfano wa zile zinazotunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Katika hati hizo, herufi be, te na nuni zikiwa mwanzoni mwa neno huwa na umbo moja. Zinazozitenganisha ni nukta: be ina nukta moja chini, nuni ina moja juu, na te ina mbili juu. Kwa hiyo maneno bata, nata na tata hutofautishwa na nukta za herufi ya kwanza tu. Nukta ikififia katika picha, msomaji hana budi kukisia.

Kubana na kupoteza

Kubana faili ni kulipunguzia baiti ili lihifadhiwe au lisafirishwe kwa wepesi. Kitenzi hiki kimoja hubeba matendo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kubana bila kupoteza: picha ikifunguliwa, kila pikseli hurudi kama ilivyokuwa. Ndivyo ifanyavyo PNG, iliyotolewa mwaka 1996. La pili ni kubana kwa kupoteza: baadhi ya taarifa hutupwa moja kwa moja. Ndiyo kawaida ya JPEG, umbizo la mwaka 1992.

JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza ndani ya kila mraba tofauti ndogondogo ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Katika picha ya pwani au ya uso wa mtu, hasara hiyo haionekani sana, na faili huwa dogo mno. Katika maandishi mambo ni mengine, kwa kuwa wino mweusi hukutana ghafla na karatasi nyeupe. Faili likibanwa sana, kingo za herufi huzungukwa na ukungu, na nukta mbili zilizokaribiana huweza kuungana. Isitoshe, kila mara picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya kwa JPEG, hubanwa tena na kupoteza tena. Kuigeuza baadaye iwe PNG hakurejeshi kilichotupwa.

Skrini na karatasi

Msemo picha kubwa nao una utata. Huweza kumaanisha picha yenye pikseli nyingi, faili lenye baiti nyingi, au picha inayochukua nafasi pana kwenye karatasi. Mteja anapomwambia mpigachapa kwamba ametuma picha kubwa, huenda kila mmoja anafikiria jambo lake.

Kwenye tovuti, kipimo cha msingi ni idadi ya pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 hutosha kwa makala nyingi. Kwenye karatasi, uchapaji wa kitabu kwa kawaida huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho, picha ileile ya pikseli 1,200 hujaza inchi 4 tu, yaani takribani sentimita 10. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Kuandika 300 katika programu ya picha bila kuongeza pikseli halisi ni kubadili lebo tu, na programu ikibuni pikseli za ziada, haiwezi kubuni nukta ambayo skana haikuiona.

Rangi pia hutofautiana. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mtambo wa uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. TIFF na JPEG huweza kubeba rangi za mpangilio huo wa wino, ilhali PNG haiwezi.

Uchaguzi

Kwa nakala asili ya kuhifadhi, TIFF isiyopoteza hufaa, ingawa ni nzito: ukurasa wa A4 wenye rangi, usiobanwa, hufikia megabaiti 26. Vivinjari vingi haviionyeshi, kwa hiyo si umbizo la tovuti. Kwa tovuti, picha za kamera hufaa kuwa JPEG au WebP, na maandishi, michoro na picha zenye mandhari angavu ziwe PNG. Nembo na ramani zilizochorwa kwa kompyuta zifaa kuwa SVG, ambayo huhifadhi maelezo ya mistari badala ya pikseli, hivyo hukuzwa bila kufifia. Kwa uchapaji, hutumwa TIFF au PDF iliyotengenezwa kutokana na asili, kamwe si picha iliyopakuliwa kutoka tovutini. Picha ikipitishwa WhatsApp, itumwe kama hati, kwa kuwa ikitumwa kama picha hubanwa njiani.

Kwa matumizi sanifu, inafaa kuulizana "ina pikseli ngapi?" badala ya "ni kubwa?", na kutenganisha asili na nakala. Nakala iliyoharibika huweza kutolewa upya maadamu asili ipo. Lakini ukurasa uliohifadhiwa kwa JPEG iliyobanwa sana, na karatasi yake ikaliwa na mchwa, hauna pa kurejelewa: hakuna atakayejua tena kama mshairi alitaja bata au tata.