Fiziotherapia: Ngazi ya Kufikia Shahada ya Uzamili Ukiwa Mkimbizi

(Muziki wa utambulisho, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali la vijana waliomaliza sekondari, na la watu wazima waliokuwa wakifanya kazi hospitali kabla ya kukimbia: mtu anayetaka kusomea fiziotherapia mpaka shahada ya uzamili aanzie wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi humwita mtaalamu huyu kine. Wengi wanamjua kama mtu wa kukanda mgongo. Kukanda kumo, lakini ni sehemu ndogo. Mtu akivunjika paja, daktari huunganisha mfupa. Anayemfundisha kukunja tena goti lililolala wiki nyingi bila kazi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ndiye pia anayemsaidia mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi ajifunze kushika kikombe, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo akaze shingo na kukaa. Aliyekatwa mguu hupitia kwake kuandaa kigutu kabla ya kuvaa mguu wa bandia.

Shirika la Afya Duniani linasema katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wa utengemao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Fanya hesabu mwenyewe: kwa kiwango hicho, kambi ya watu 200,000 haipati hata wataalamu wawili. Ndiyo maana mashirika kama Humanity & Inclusion, ambalo wengi bado wanalikumbuka kwa jina la Handicap International, hufundisha watu wa jamii kusaidia mazoezi nyumba kwa nyumba. Kama umewahi kufanya kazi hiyo ya motisha, una mwanzo mzuri. Ila cheti cha mafunzo mafupi hakikupi leseni, na bila leseni ni vigumu chuo cha ukanda wetu kukupokea kwa uzamili wa fiziotherapia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea njia. Wanatafuta ufadhili wa uzamili kabla ya kuuliza uzamili unadai nini. Katika nchi zetu za mashariki na kusini mwa Afrika, mlango wa taaluma hii ni diploma au shahada ya kwanza. Uzamili huja baadaye, kwa anayetaka kubobea katika mifupa, mishipa ya fahamu, watoto au utafiti. Kwa kawaida utaombwa shahada ya kwanza ya fiziotherapia yenyewe, usajili wa baraza la taaluma, na mara nyingi miaka ya kazi. Shahada ya biolojia au ya afya ya jamii haitoshi.

Diploma huchukua miaka mitatu. Kenya inatolewa na KMTC, na kwa upande wa Tanzania KCMC ya Moshi imefundisha fiziotherapia kwa miongo mingi. Shahada ya kwanza huchukua takriban miaka minne: KCMC wanayo, JKUAT kule Kenya wanayo, na Chuo Kikuu cha Mbarara kule Uganda wanayo pia. Sehemu kubwa ya masomo hufanyika wodini, mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo usidanganyike na anayekuahidi fiziotherapia nzima kwa simu.

Diploma kwanza, au moja kwa moja shahada? Kwa maoni yetu, mkimbizi ambaye hana uhakika wa ufadhili wa miaka minne afikirie diploma. Maisha yetu hukatika katikati. Ufadhili husimama, familia huitwa kurudi nyumbani, jina hutoka kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mwenye diploma na usajili anaondoka na kazi mikononi. Aliyeacha shahada mwaka wa tatu anaondoka na karatasi ya matokeo tu. Lakini kabla ya kujiandikisha, kiulize chuo unachokilenga baadaye kama kinapokea wenye diploma kupanda hadi shahada, na kwa alama zipi. Pata jibu hilo kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana ndiyo yanayowaangusha wengi kuliko akili. Vyuo vinataka ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia. Aliyesoma Kongo chaguo la kemia na biolojia ana nafasi. Mwenye Diplôme d'État ya ualimu au ya biashara, hata kama asilimia zake ni nzuri, huenda akalazimika kurudia masomo ya sayansi. Mzazi unayesikiliza, jambo hili linaamuliwa pale mtoto anapochagua mchepuo, si baada ya mtihani wa mwisho.

Cheti cha nchi nyingine lazima kilinganishwe na cha nchi uliyopo. Kwa vyeti vya sekondari, Tanzania nenda NECTA, Kenya KNEC, Uganda UNEB. Kwa aliyefanya mtihani wa Kenya akiwa Kakuma, au wa Uganda akiwa Nakivale, hatua hii haimhusu. Lakini kwa wanafunzi wa Nyarugusu wanaofuata mtaala wa Kongo au wa Burundi ndiyo hatua ya kwanza kabisa, na inaambatana na nyingine: Kiingereza. Vyuo tulivyovitaja hufundisha kwa Kiingereza, na anatomia ya Kifaransa haikusaidii sana siku ya mtihani. Anza lugha mwaka mmoja kabla, usingoje barua ya chuo.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unazitaka nchi zisimtendee mkimbizi vibaya kuliko wageni wengine katika elimu ya juu, pamoja na kutambua vyeti vya nje, kupunguza ada na kutoa ufadhili. Kitaje kwa adabu unapoambiwa wakimbizi hawapokewi. Kumbuka pia kibali cha kutoka kambini. Kiombe mapema, kwa sababu muhula haumsubiri mtu.

Na wewe uliyekuwa kine Bukavu, Goma au Bujumbura? Usianze upya kabla hujajaribu kutambuliwa. Andikia chuo chako kikutumie orodha ya masomo na alama, yenye saa za mazoezi ya hospitali. Kisha peleka kwenye baraza la nchi uliyopo. Kenya ni Baraza la Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya 2014. Kama chuo kimefungwa kwa sababu ya vita, tafuta mwalimu wako wa zamani aandike barua ya kueleza ulichosoma. Nakala zote zipige picha na uzihifadhi kwenye barua pepe yako, kwa sababu hema huungua na begi huibiwa.

Fedha. Ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR na ulioanzishwa 1992 kwa msaada wa Ujerumani, unahusu shahada ya kwanza. Usiutegemee kwa uzamili. Kwa uzamili itabidi utazame mbali zaidi, hasa Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Western Cape kimewafundisha uzamili wataalamu wengi kutoka nchi zetu. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho kina fiziotherapia, na ni mmoja wa washirika wa mpango wa Mastercard Foundation. Nafasi zilizohakikiwa UNHCR huziweka kwenye tovuti yake iitwayo Opportunities. Ofisi ya UNHCR haiuzi fomu, wala DAFI haina wakala. Anayekuomba pesa ya kuharakisha jina lako ni tapeli, hata kama mnasali pamoja.

Kwa wanaotazamia kuvuka bahari, hesabu hubadilika. Kanada na Marekani hazina mlango wa diploma kwa taaluma hii. Kanada fiziotherapia husomwa katika ngazi ya uzamili, na Marekani ni udaktari wa fiziotherapia wa takriban miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Mpango wa WUSC, unaopeleka wanafunzi wakimbizi Kanada tangu 1978, unakufikisha kwenye shahada ya kwanza, kisha unashindania nafasi ya uzamili kama wengine. Marekani kuna kazi ya msaidizi wa fiziotherapia, ya masomo ya miaka miwili, na kwa mtu mzima mwenye familia ya kulisha inaweza kuwa ndiyo ngazi ya kwanza. Aliyekwisha sajiliwa huku atapimiwa vyeti vyake na kufanya mtihani wa leseni kabla ya kugusa mgonjwa.

Kipindi kijacho tutakuwa na masomo ya ufundi wa viungo bandia, yanayofundishwa Moshi katika chuo cha TATCOT. Kama una swali, mwachie mhamasishaji wetu wa jamii katika kanda yako.

(Muziki unapanda.)