Barua ya Machemba na Mpaka wa Ruvuma

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, unalitazama bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mpaka huo waliuwekea saini Wajerumani na Wareno tarehe 30 Desemba 1886. Walikubaliana ufuate mto kutoka baharini hadi unapokutana na Msinje, kisha ukate moja kwa moja magharibi mpaka Ziwa Nyasa. Mtu wa Mnyambe, Masasi au Newala hakuulizwa.

Anayesoma makubaliano hayo leo anaweza kudhani Wajerumani walikuwa tayari wanautawala uwanda wa Makonde. Hawakuwa wakiutawala. Hati ya namna hii haisemi nani alikuwa na nguvu mahali fulani. Inasema nani alimwahidi nani kwamba hatamwingilia. Ahadi ilikuwa ya Berlin na Lisbon, na wenye nchi hawakuwamo. Ndiyo maana nyaraka za mambo ya nje hazifai kusomwa moja moja.

Hati ya kuiweka kando ya hiyo ni barua ya Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa na ngome yake Luagala, ambako sasa ni Tandahimba, wilaya iliyomegwa kutoka Newala. Mwaka 1890 kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alimtaka atii. Machemba akajibu kwa Kiswahili, kwa maandishi. Alisema amelitafakari neno lake wala haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari siku zote. Kama ni vita, yuko tayari pia. Kuwa chini ya mtu, hapana. Kila mmoja ni sultani kwao. Tena akaongeza kwamba yeye naye hamwamrishi Wissmann amtii, kwa kuwa anajua ni mtu huru. Kuitika wito hatakwenda. Mwenye nguvu na aje amchukue.

Wengi huisoma barua hii kama kelele za shujaa, na hapo ndipo wanapoipunja. Mimi naiona ni kazi ya mwanadiplomasia. Inatenganisha mambo matatu ambayo Wissmann alitaka yachanganyike, yaani urafiki, vita na utii; inaacha mlango wa mazungumzo wazi; na inamdai mwenzake haki ileile anayompa. Waziri yeyote wa mambo ya nje wa siku hizo angeielewa mara moja.

Imetufikiaje? Barua hukaa kwa aliyeipokea. Majibu ya Machemba yalikwenda kwa dola iliyokuwa na makarani na majalada, nayo yakaja kunukuliwa na wanahistoria, akiwemo Adu Boahen katika juzuu ya saba ya historia ya Afrika ya UNESCO. Upande wa Luagala haukuachiwa nafasi ya kutunza majalada yake. Kwa hiyo sauti ya mtawala wa uwandani tunaisikia kupitia kabati la adui wake, na kabati hilo lilihifadhi kile tu kilichomhusu mwenye kabati.

Wajerumani walipeleka vikosi, na mwaka 1899 Machemba akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Mstari uliochorwa bila yeye ukawa kinga yake. Wenyewe waliouchora hawakuuheshimu sana: Wajerumani waliinyakua Kionga, kusini mwa mlango wa mto, mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwaka 1916, na mwaka huohuo wakavuka mto mpaka Newala, wakafukuzwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Kionga ikabaki kwa Wareno.

Majalada mengi ya enzi ya Mjerumani yako Dar es Salaam, chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kuyasoma kunahitaji Kijerumani na subira ya mwandiko wa kale. Lakini mwalimu wa historia wa Newala au Masasi hana haja ya kusubiri hayo. Aanze na hati mbili, makubaliano ya 1886 na barua ya 1890, aziweke mezani pamoja, na awaulize wanafunzi wake ni ipi kati ya hizo iliandikwa na mtu aliyeijua nchi anayoizungumzia.