Jina la Malindi Ndani ya Kivinjari

Katika magofu ya Gede, jirani na Watamu, lipo kaburi ambalo maandishi yake ya Kiarabu yanataja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Jiwe likishachongwa, limechongwa. Ukurasa wa simu huchorwa upya kila unapofunguliwa, na mchoraji ni injini ya kivinjari: Blink kwenye Chrome, Gecko kwenye Firefox, WebKit kwenye Safari. Injini hizi hurekebishwa kila siku, na rekebisho la kuongeza kasi laweza kuvuruga herufi ambazo jana zilikaa sawa.

Chukua jina Malindi kwa hati ya Kiarabu: mim, alifu, lamu, nuni, dali, ye. Mim hushikana na alifu, lakini alifu haishikani na inayoifuata. Lamu, nuni na dali huandamana, kisha ye husimama peke yake. Sasa mwandishi wa ukurasa akiizungushia lamu alama za msimbo, pengine apate kuipaka rangi, injini iliyozembea huichora kama herufi pweke, iliyoachana na nuni. Kosa hili limewahi kuzisumbua injini za kweli.

Ndiyo maana wahandisi huandika kurasa mbili. Katika wa kwanza lamu imezungushiwa alama zisizobadilisha rangi wala umbo. Katika wa pili jina limeandikwa zima. Kompyuta huzipiga picha zote mbili na kuzilinganisha nukta kwa nukta. Zikitofautiana, rekebisho hurudishwa kwa mwenyewe. Kuhifadhi picha moja ya zamani hakutoshi, maana fonti na ulainishaji wa kingo hutofautiana kati ya mashine na mashine. Ipo hata fonti ya majaribio, Ahem, ambayo herufi zake nyingi ni miraba iliyojaa rangi: haifai kwa barua, lakini kwa kupimia mistari haina mfano.

Kosa likipenya, mabadiliko yaliyoingia, tuseme 1,000, hugawanywa nusu kwa nusu na kupimwa. Kwa hatua 10 hivi mkosaji hupatikana.

Ila jaribio hulinda kile tu kilichoandikiwa jaribio. Wadigo wa Kwale wana v yenye mstari chini, na Unicode, mfumo wa kuzipa herufi namba, haijaipa namba yake yenyewe: huundwa kwa v pamoja na alama ya mstari, ambayo injini na fonti lazima ziipange mahali pake. Hazina ya majaribio ya Web Platform Tests, inayotumiwa na injini zote tatu, iko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa kompyuta wa Kilifi au Malindi anayeona herufi za kwao zimekaa upande, aandike ukurasa mdogo wa kuonyesha kosa hilo, autume.