Maajabu ya Mahali Katika Mchezo wa Mezani wa Kuigiza

Miongoni mwa njia za kufundishia zinazomfaa mwalimu wa shule ya msingi ni igizo dhima, ambamo mwanafunzi hushika nafasi ya mtu mwingine na kuamua mambo kama mtu huyo. Mchezo wa mezani wa kuigiza ni tawi la njia hiyo. Wachezaji huizunguka meza. Msimulizi hueleza mahali walipo na mambo yanayowakabili. Wengine husema watatenda nini. Na penye mashaka hutupwa dadu. Mchezo mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Katika michezo hiyo mahali penyewe huweza kuwa na ajabu: msitu unaohama, au mto unaopanda mlima. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kulitumia ajabu la namna hiyo kumzoeza mtoto kuchunguza, na kwa nini halina budi kuwa na kanuni.

Tuchukue mfano wa mikoko iliyo kandokando ya hori ya Mzinga, upande wa Temeke. Kila kundi la wanafunzi sita lipewe karatasi yenye ramani, kokoto za kuwakilisha wachezaji, na dadu moja. Kazi yao ni kuvuka mikoko na kumpelekea mgonjwa dawa. Ajabu ni hili: mizizi huifungua njia na kuifunga. Kila zamu ni saa moja. Njia hubaki wazi kwa zamu sita, kisha hufungwa kwa zamu sita. Wanafunzi wasiambiwe kanuni hiyo. Waandike daftarini wanayoyaona mpaka waigundue. Wakisha kudhani wameijua, siku ya pili ya mchezo njia ichelewe kufunguka karibu saa moja. Hapo ndipo udadisi huamka.

Baada ya mchezo mwalimu afunue jambo lenyewe. Katika pwani yetu maji ya bahari hupwa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hujaa kwa muda kama huo, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi uwapo mpevu au mwandamo huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana; katikati yake huwa maji mafu. Mizizi ya mchu inayochomoza matopeni huupatia mti hewa. Kumbe ajabu lilikuwa ni ukweli uliovikwa nguo ya hadithi.

Katika kuandaa mchezo kama huu, mwalimu azingatie mambo matatu.

Kwanza, dadu isiamue kanuni ya mahali. Iamue tu kama mchezaji ameteleza topeni au ameivuka gogo salama. Ikiwa njia hufunguka kwa bahati, au kwa kuwa msimulizi amependa, wanafunzi wataacha kufikiri na kungojea kauli ya mwalimu.

Pili, ajabu liwe la mahali, kamwe lisiwe la mtu. Katika nchi yetu wako wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mchezo unaomfanya bibi kizee kuwa mchawi humrudisha mtoto nyumbani akiwa na shaka juu ya jirani yake. Vivyo hivyo, tusitumie mbuyu ambao mtaa mzima unadai kuwa una jini.

Tatu, hatari ya kweli isifunikwe. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliokumbwa walihamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Mtoto aliyefundishwa kwamba mto Msimbazi hufurika kwa hasira ya jini atatafuta namna ya kulituliza. Aliyefundishwa kwamba mvua inyeshayo kwenye vilima vya Pugu huteremka bondeni atajua kwamba maji yaweza kupanda hata kama kwao mvua haijanyesha, na ataondoka mapema.

Kwa hiyo kila mchezo umalizike kwa maswali: Mliona nini? Mlidhani kanuni ni ipi? Ni lipi la hadithi, na ni lipi la kweli? Swali la mwisho lisiachwe hata kama kengele imekwisha kulia. Likiachwa, mtoto ataondoka na hadithi peke yake. Mwalimu anayeandaa somo lake la kwanza la namna hii aanze kwa kuandika kanuni moja tu, aijaribu na wenzake chuoni, ndipo aipeleke darasani.